Makapu Kumi na Manne ya Shemeji

Shemeji yangu ni kinyozi, na kwa miaka thelathini na minne ya ndoa mkono wake haukuwahi kushika mwiko. Simsengenyi, nimemwambia mwenyewe usoni, akacheka. Wateja wanamwita Taratibu kwa sababu kichwa kimoja kinamchukua karibu saa nzima, na ukimharakisha anaweka mkasi chini na kukuelekeza kwa kinyozi wa pale kona mwenye mashine ya umeme. Duka lake lina viti viwili, kimoja cha kunyolea, cha pili cha kungojea cha kwanza. Ukipita mlango wa nyuma unaingia kiuani penye kamba ya nguo, na ng'ambo ya kiua ndiyo nyumba yake. Yangu imepakana nayo, kiua ni kimoja. Dirisha la jikoni kwangu linatazamana na dirisha la jikoni kwake, hatua nne tu katikati, ndiyo maana nimeyaona yote haya bila kuambiwa na mtu.

Mkewe alikuwa dada yangu. Alikuwa hodari wa kupika na hodari zaidi wa kubisha, na mwaka ule alijiandikisha kwenye shamba moja la mboga nje ya mji. Utaratibu wao ni huu: unalipia msimu mzima mwanzoni, halafu kila Jumamosi saa tatu asubuhi gari la shamba linasimama kwenye lango la shule na kila mwanachama anapewa kapu lake. Huchagui. Udongo ukitoa figili, unakula figili. Ukitoa figili wiki tatu mfululizo, unakula figili wiki tatu na kushukuru. Dada alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Mimi nilimwambia huko ni kulipia kupangiwa chakula kama mgonjwa wa hospitali, akaninunia siku mbili.

Msimu ulikuwa wa makapu ishirini. Dada alipika manne, akaugua ghafla, akafa. Nalisema kwa ufupi kwa sababu sijui namna nyingine ya kulisema. La tano na la sita yalikuja tukiwa msibani, yakaliwa na wageni. Yakabaki kumi na manne.

Binti yao ndiye mtoto wao wa pekee, na kazi yake ni kukagua usafi wa majiko ya mahoteli katika jiji lililo mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Akiingia jikoni wapishi wanasimama wima. Msiba ulipoisha na wageni kutawanyika, alimkalisha baba yake sebuleni, mimi nikiwa pembeni nakunja mikeka.

"Baba, duka unafunga. Tunakwenda kwangu."

"Kufanya nini?"

"Kupumzika."

"Nimekwambia nimechoka?"

"Hapa utakula nini?"

Shemeji akaangalia huku na huku, akaliona kapu la sita pembeni ya mlango, limebaki na karoti mbili na kitunguu. "Hivyo," akasema.

"Nani atakupikia?"

"Mimi."

Nilicheka. Haikuwa siku ya kucheka, na mpaka leo naona haya, lakini kicheko kilinitoka kabla sijakishika. Shemeji akaniangalia juu chini, kisha akamgeukia binti yake na kuanza kupatana naye bei kama mtu anayenunua ng'ombe. Walikubaliana hivi. Atakaa mpaka kapu la mwisho la msimu. Jumamosi hiyo binti atakuja, na baba atapika yaliyomo mbele ya macho yake, kwa mikono yake mwenyewe. Kikiwa chakula cha mtu, anabaki. Kisipokuwa chakula cha mtu, mikasi inafungwa kwenye sanduku na safari siku hiyo hiyo.

"Na mama mdogo hasaidii," binti akaongeza, kidole kikinielekea mimi. "Hapiki, haelekezi, havuki kizingiti cha jikoni. Apa."

Nikaapa. Mkaguzi akikunyooshea kidole, unaapa kwanza na kufikiri baadaye.

Kapu la saba lilikuwa la spinachi tupu, mafungu kwa mafungu. Shemeji aliyapokea kama wateja wamekuja. Akatandika kitambaa cheupe mezani, akatoa mkasi, akaanza kulinyoa jani moja moja. Vikonyo vyote akavikata urefu mmoja. Yaliyonyauka aliyanyunyizia maji kwa ile chupa ya kulowesha nywele. Alianza saa nne, na adhuhuri ilimkuta bado anapanga majani kwa saizi. Hatimaye akayashindilia kwenye sufuria mpaka mfuniko ukakataa kukaa, akawasha moto, akaenda dukani kumalizia kidevu cha mtu.

Aliporudi, nilimwona akifunua. Akafunika. Akafunua tena. Akachungulia nyuma ya jiko, akafungua kabati, kisha akatoka nje.

"Shemeji."

"Unasemaje?"

"Umeingia jikoni kwangu?"

"Mimi? Nimeapa mbele yako!"

"Sufuria nimeiacha imejaa pomoni. Sasa kuna kijiko kimoja."

Hapo ndipo nilipoona ugumu wa kiapo. Nikimwambia spinachi ikipata moto inanywea, nimeelekeza. Nikinyamaza, mimi mwizi. Nilinyamaza. Kesho yake jikoni pakawa na kufuli, na wiki nzima nilipita kiuani kwangu mwenyewe nikiwa mtuhumiwa wa wizi wa mboga, mimi niliyekuwa karani wa shule miaka ishirini na sita, kalamu ya serikali sijawahi kwenda nayo nyumbani! Jumamosi iliyofuata zikaja spinachi nyingine. Safari hii aliketi mbele ya sufuria bila mfuniko, mikono magotini, akazishuhudia zikizama. Kufuli akalitoa jioni ile. Kuniomba radhi hakuniomba.

Sasa, mtu mwenye akili angemwendea mwanamke yeyote mtaani, au hata muuza chakula wa kituoni, akauliza. Shemeji hakufanya hivyo. Aliuliza wateja wake. Na wateja wake ni wanaume wazee ambao, kama yeye, chakula wamekijua tangu kikiwa kwenye sahani. Kila mmoja alitoa ushauri kwa moyo mmoja, shingo imefungwa kitambaa na povu shavuni, na kila mmoja alieleza kitu kimoja tu alichokijua: chakula kinavyoonekana kikishafika mezani.

"Biringanya huwa nyeusi pembeni na laini katikati," alisema seremala. Basi shemeji akaichoma pembeni mpaka ikawa mkaa, na katikati ikabaki mbichi.

"Bamia huwa na mafuta yanayong'aa juu," alisema polisi mstaafu, anayekuja kunyolewa ndevu kila Jumatano. Shemeji akachemsha bamia kwa maji, akaipua, akamwagia mafuta mabichi juu. Zikang'aa kweli.

Mwalimu wa hesabu yeye alikumbuka kwamba kabichi ya mkewe ina rangi ya manjano. Basi ikatafutwa njia ya kuifanya kabichi iwe ya manjano, na nilichokiona siku ile sitakisimulia, kwa heshima ya mayai yaliyohusika.

Nami nipo dirishani, hatua nne, naona mtu anatia chumvi kwenye maji ambayo amekwisha yatia chumvi. Nilikuwa nauma kanga. Kuna siku nilitoka nje nikaiambia kamba ya nguo, kwa sauti kubwa, kwamba watu wengine huanza kwa kukaanga kitunguu. Shemeji akafunga dirisha.

Kila Jumapili alasiri binti alinipigia simu.

"Mama mdogo, anakula?"

"Anakula."

"Anakula nini?"

"Mboga."

"Amekonda?"

"Suruali imelegea kidogo. Lakini ni kitambaa kile, kinalegea."

Nilimdanganya mtoto wa dada yangu, na sitajificha nyuma ya mkeka: sikutaka ahame. Dada ameondoka. Mume wangu alitangulia zamani. Kama na taa ya jikoni ile ingezimwa, ningebaki natazamana na kioo cheusi, sina hata mtu wa kumkasirikia. Mtu akiniambia huo ni ubinafsi, namwambia ndiyo, ni huo huo.

Mambo yalianza kugeuka kwenye kapu la kumi, na hayakugeuzwa na mimi. Shemeji alikuwa na desturi ya kuwarudishia wateja majibu. Akimshika mtu kichwa anamwambia, "Biringanya yako imeniunguza," na mteja hawezi kuinuka wala kutikisa kichwa, wembe uko shingoni. Wale wazee wakaingiwa na aibu. Wakaenda kuchunguza. Jumatatu asubuhi mke wa seremala alinijia kiuani, ndoo mkononi, macho yamemtoka.

"Dada, mume wangu ana nini?"

"Kwani amefanyaje?"

"Anasimama mlangoni pa jikoni. Haombi chakula, haombi maji. Anatazama tu. Jana ameniuliza kitunguu nakitia kabla ya nyanya au baada. Miaka arobaini, dada! Nimefikiri labda daktari amemwambia kitu."

Mke wa mwalimu alikuwa na malalamiko ya namna nyingine, kwamba mumewe anapima kabichi kwa saa ya mkononi na kumkatisha mazungumzo kila baada ya sekunde thelathini. Polisi mstaafu ndiye aliyevuka mipaka. Alimkalisha mkewe mezani, akachukua maelezo yake kuhusu bamia, kuanzia kuosha mpaka kuipua, kwa maandishi, akamsomea, akamtaka atie sahihi. Nimeiona karatasi hiyo kwa macho yangu, imebandikwa kwenye kioo cha kunyolea. Ilikuwa na maelezo ya bamia bora kuliko yote niliyowahi kuyasoma.

Tangu hapo harufu kutoka dirisha lile ikaanza kuwa harufu ya chakula. Sisemi kizuri. Kapu la kumi na nne lilikuja na bitiruti, na shemeji akazimenya kwa mikono mitupu asubuhi, akanawa, akaenda kazini akidhani amenawa. Mteja wa kwanza alikuwa mgeni mjini. Alifumbua macho katikati ya kunyolewa, akaona kwenye kioo vidole vyekundu hadi kwenye vifundo vimeshika wembe kooni pake. Alitoka mbio na kitambaa shingoni na ndevu upande mmoja, na hakuonekana tena. Lakini bitiruti zenyewe, nasikia, ziliiva.

Jumamosi ya kapu la ishirini binti aliteremka kwenye basi la asubuhi akiwa na mkoba mdogo wa nguo na sanduku kubwa tupu. Lile sanduku liliniuma rohoni kuliko maneno yoyote. Alinibusu, akasema, "Mama mdogo, wewe utakaa hapa nje," akaniwekea kigoda kabisa, mkabala na mlango wa jikoni. Nikakaa. Ng'ambo ya kiua, mlango wa nyuma wa duka ulikuwa wazi, na ndani walikuwamo seremala, mwalimu na polisi mstaafu, wote watatu wamesimama. Eti wamekuja kunyolewa, na mnyoaji wanamwona yuko jikoni.

Kapu la mwisho halikuwa na huruma. Shamba lilikuwa limefagia lilichobakiza: boga moja kubwa lenye ganda gumu kama ubao, karoti zilizopinda, vitunguu, na fungu la majani ya maboga. Binti alianza na ukaguzi. Alipitisha kidole juu ya kabati, akainama chini ya sinki, akanusa dishi la kuoshea vyombo. Shemeji alisimama wima kama wale wapishi wa mahoteli, ila yeye hakuwa na la kuogopa. Mtu aliyechemsha nyembe miaka yote hiyo, jikoni kwake huoni nzi. Binti akaandika kitu kwenye daftari, kwa mazoea tu nadhani, kisha akavuta kiti.

Shemeji akanawa mpaka viwiko. Akaliweka boga mezani, akaingiza mkono chini ya meza, akatoa msumeno.

"Baba! Msumeno?"

"Wa seremala. Mpya. Nimeuchemsha dakika kumi."

Nilimwona binti akifungua daftari, akalipekua, akalifunga. Sheria zote za majiko anazozijua, hakuna inayotaja msumeno uliochemshwa.

Ilichukua saa tatu. Kitunguu kilitangulia, nikashusha pumzi. Kikawa rangi ya dhahabu, sikumpigia makofi kwa sababu ya kiapo. Karoti zile zilizopinda alizikata vipande sawasawa, hakuna kilichomzidi mwenzake. Boga akalipika kwa moto mdogo, akilifunua na kulifunika, akiliinamia kusikiliza. Majani aliyamenya nyuzi zake moja moja, na alipoyatia chunguni hakushtuka yaliponywea. Wali aliutazama kwa saa aliyoazimwa na mwalimu. Mimi huku nje kiuno kilikuwa kinaniuma kwa kukaa kwenye kigoda.

Akapakua sahani moja, akaiweka mbele ya binti yake, akarudi nyuma hatua mbili kama anavyofanya akimaliza kichwa cha mtu.

Binti akaonja. Akatafuna muda mrefu. Akachukua kijiko cha pili, cha tatu, halafu akainama akala mpaka sahani ikabaki nyeupe. Nilisahau kiapo, nilikuwa nimekwisha simama kizingitini. Wale watatu nao walikuwa wamevuka kiua wote, polisi mbele, wanachungulia begani kwangu.

"Chakula kizuri," binti akasema. Alisema kwa sauti ya mtu aliyepokea habari za ajali.

"Chumvi?" akauliza shemeji.

"Imekaa sawa. Kila kitu kimekaa sawa." Akaweka kijiko chini, akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika.

Shemeji alibaki ameduwaa na mwiko mkononi. "Mama, kimekukwama?"

"Nimeshanunua kitanda, baba. Kile chumba cha pili nimekipaka rangi mwenyewe, nimekuwekea na kioo kikubwa ili ukitaka kumnyoa jirani umnyoe. Nilijua utaharibu." Akapangusa pua kwa mkono, mkaguzi mzima. "Nilitaka uharibu."

Mimi niliyekuwa na roho juu kwa wiki kumi na nne nisimpoteze mtu wa dirishani, nilikuwa sijamfikiria hata mara moja huyu mtoto aliyekuwa akinipigia simu kila Jumapili. Nilidhani ananipigia kumchunguza baba yake. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Shemeji akavuta kiti. Hakuketi mkabala naye, aliketi ubavuni pake. Akapangusa meza kwa kitambaa, kwa muda wake, na muda wake mnaujua.

"Wewe nani anakupikia?" akauliza.

"Mimi kazi zangu ni nyingi, baba. Sina nafasi."

"Sijauliza nafasi. Nimeuliza nani."

"Hakuna."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoondoka hapa."

Ilikuwa miaka kumi na sita. Akachukua sahani ya binti yake, akainuka, akampakulia tena, safari hii akaijaza, akairudisha mezani.

"Kuhama sihami," akasema. "Nina vichwa vya watu hapa. Lakini kila mwisho wa mwezi nitafunga duka siku nne, nije nikilalie hicho kitanda. Kwako kuna jiko?"

Binti alikuwa amekwisha jaza mdomo. Akameza kwanza.

"Lipo," akasema. "Sijawahi kuliwasha."